Kompyuta Inapoganda Kasongo: Mhadhara kuhusu Kumbukumbu, Umeme na Ushahidi



Katika sekretaria za Kasongo, zile ofisi ndogo za kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuandaa faili za wanafunzi, kuna hukumu moja inayotolewa haraka kuliko zote. Mteja analeta kompyuta iliyoganda: mshale hausogei, kibodi haijibu, saa iliyo pembeni mwa skrini imesimama dakika ileile. Fundi anaizima kwa nguvu, anaiwasha, inaganda tena. "Papa, bareti imekufa," anasema. Mteja anauliza bei, anatafuta pesa, anasubiri mzigo kutoka Bukavu au Kindu. Bareti inafika, inapachikwa, na wiki haijaisha mashine imeganda vilevile.

Bareti, yaani kile kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, hufa kweli. Lakini mara nyingi hubebeshwa makosa yasiyo yake: umeme unaoyumba, feni iliyozibwa na vumbi, diski iliyochoka, au kazi iliyozidi uwezo wa mashine. Kuitenga na hao wengine hakuhitaji maabara. Kunahitaji utaratibu, flashi moja ndogo na saa kadhaa za umeme usiokatika. Hilo la mwisho ndilo adimu kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Kongo, na miongozo mingi ya ufundi imeandikwa na watu ambao umeme haujawahi kuwakatikia katikati ya kipimo. Ndiyo maana suala hili linastahili kuzungumzwa kwa hali ya Kasongo na Kabambare.

Njia ndefu ya mashine

Njia ya bidhaa za mbali katika eneo hili ni ya zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikashika njia ya Kabambare hadi Kasongo, mji wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, kisha ikaendelea mpaka Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba. Leo makontena ya kompyuta za mtumba hushushwa Dar es Salaam na Mombasa, na kutoka huko mzigo hupita mikono mingi kabla haujafika Maniema. Reli ya Kindu hadi Kongolo hupita magharibi ya mto, kwa Kibombo na Samba, ilhali Kasongo iko mashariki. Kipande cha mwisho ni barabara ya udongo, na wakati wa mvua kompyuta huweza kukimaliza ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki.

Mtikisiko huo una matokeo yake. Katika kompyuta nyingi za mezani bareti haikuchomelewa kwenye bodi kuu. Imepachikwa katika sloti na kushikwa na vibanio viwili. Ikilegea kidogo tu, mashine inaweza kugoma kuwaka, ikatoa milio mfululizo, au ikawaka vizuri na kuganda baadaye. Kompyuta iliyofanya kazi vizuri Bukavu na kuganda siku ya kwanza Kasongo inapaswa kufunguliwa na bareti zake kupachikwa upya kabla ya senti yoyote kutumika.

Chaji inayovuja

Kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM, ndipo kompyuta inapoweka kila inachokishughulikia kwa wakati huo: barua inayochapwa, picha iliyofunguliwa, na programu yenyewe. Aina inayotumika karibu kila mahali leo ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM mwaka 1966, naye akapewa hataza mwaka 1968. Mwaka 1970 Intel ilianza kuuza chipu yake ya 1103, iliyotunza biti kwa chaji. Katika muundo wa Dennard kila biti, yaani kila sifuri au moja, hutunzwa na transista moja na kapasita moja. Kapasita ikiwa na chaji husomwa kuwa moja, ikiwa tupu husomwa kuwa sifuri.

Taabu ni kwamba kapasita hizo huvuja kama kibuyu chenye ufa, kwa hiyo hujazwa upya bila kukoma. Katika bareti za kawaida kila safu hujazwa angalau mara moja katika milisekunde 64. Gigabaiti 4 ni biti zaidi ya bilioni 34. Moja kati ya hizo ikivuja upesi kuliko wenzake, ile moja inageuka sifuri. Biti hiyo ikiwa ni ya picha, nukta moja inabadilika rangi na hakuna anayeona. Ikiwa ni ya amri ya mfumo, prosesa inapelekwa mahali pasipokuwepo, na mashine inaganda.

Metali zilizoipa Maniema sifa zimo ndani ya kila bareti. Meno yake, ile safu ya vipande vinavyong'aa ukingoni, yamepakwa dhahabu, nayo dhahabu imechimbwa Namoya, karibu na Salamabila (au Saramabila) katika teritwari ya Kabambare, tangu enzi za ukoloni. Chipu zake zimeshikizwa kwa lehemu ambayo, tangu Umoja wa Ulaya ulipobana matumizi ya risasi katika vifaa vya elektroniki Julai 2006, kwa kawaida ni bati kwa zaidi ya asilimia 95. Na bati ndilo lililoujenga mji wa Kalima, humohumo Maniema. Dhahabu imechaguliwa kwa sababu haishiki kutu. Ila tabaka lake ni jembamba kuliko mikroni moja. Likichubuka, metali iliyo chini yake hushambuliwa na unyevunyevu wa bonde la Lualaba, na mguso kati ya bareti na sloti huanza kusitasita.

Uhaba si ubovu

Swali la kwanza ni kama kumbukumbu imeharibika au haitoshi. Kwa mtu mwenye haraka dalili zinafanana. Kwa anayetazama, zinaachana mapema.

Kumbukumbu isipotosha, mfumo huhamishia baadhi ya vitu kwenye diski. Kumbukumbu hujibu kwa makumi ya nanosekunde. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kadhaa, muda unaozidi kwa takriban mara laki moja. Hapo taa ya diski huwaka bila kupumzika, mshale huruka hatua kwa hatua, dirisha hugeuka jeupe, kisha baada ya dakika moja au mbili kila kitu hurudi. Mashine inayorudi yenyewe imeelemewa tu. Mtumiaji akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Windows humwonyesha kiasi cha kumbukumbu kinachotumika. Kikikaa juu ya asilimia 90 kila inapokwama, tiba ni kufunga kurasa za kivinjari, kupunguza programu zinazojiwasha zenyewe, kuongeza bareti, au kuweka diski isiyozunguka mahali pa ile ya zamani.

Hapa kuna mtego unaowapotezea wengi pesa. Windows ya biti 32, ambayo bado iko kwenye kompyuta kadha wa kadha za mtumba, haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, na kwa kawaida hupata pungufu ya hizo. Mwenye mashine akinunua bareti ili afikishe 8, mfumo utaiacha ya ziada ikae bure, naye atadhani ameuziwa bareti mbovu.

Kumbukumbu iliyoharibika hujitambulisha kwa njia nyingine. Mashine huganda ghafla na hairudi. Leo ni katika barua, kesho katika video, keshokutwa haijafunguliwa programu yoyote. Skrini ya buluu hutoa ujumbe tofauti kila mara. Faili kubwa iliyofungwa kwa kubanwa hukataa kufunguka, ingawa faili ileile inafunguka kwenye kompyuta ya jirani. Usakinishaji wa Windows hukatikia mahali tofauti kila unaporudiwa. Kutokuwa na mpangilio ndiko dalili kubwa.

Watuhumiwa wengine watatu

Hata hivyo, dalili ni dalili tu. Kuna watuhumiwa watatu wanaoweza kuiga kila kilichotajwa, na katika mazingira ya Kasongo wanapaswa kuhojiwa kabla ya bareti.

Wa kwanza ni umeme. Tuchukue mfano wa sekretaria yenye kompyuta mbili, printa na mashine ya fotokopi, zote zikitegemea grupu (jenereta) moja ndogo au inveta moja ya sola. Mashine ya fotokopi hubandika wino kwenye karatasi kwa joto, na hita yake ikiwaka huvuta wati 1,000 au hata zaidi kwa mkupuo. Volti zinashuka. Kompyuta ina uwezo wa kuvumilia upungufu huo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ikipita hapo inajizima, inajiwasha upya au inaganda. Fundi mwenye busara haanzi na bisibisi, anaanza na swali: "Mama, ilipoganda, fotokopi ilikuwa inafanya kazi?" Jibu likiwa ndiyo, kipimo ni kuitenganisha kompyuta na mstari huo kwa siku mbili. Laptopu yenye betri nzima hurahisisha kazi: ichomolewe, itumike kwa betri peke yake. Ikitulia, bareti haina hatia.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna pia kisanduku kinachogawa umeme, pamoja na kapasita kubwa zilizosimama kwenye bodi kuu. Bodi nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipata kapasita mbovu zilizovimba vichwa na kutoa ute wa kahawia. Anayefungua kasha azitazame kwa tochi kabla ya kugusa chochote. Kichwa kilichovimba ni ushahidi tosha.

Wa pili ni joto. Kiangazi kikiingia, kuanzia mwezi wa sita, vumbi jekundu la barabarani huingia kwenye feni na kuziba mapezi ya kupozea prosesa. Mashine ya namna hiyo huwaka vizuri asubuhi, huganda baada ya nusu saa, na mchana huganda mapema zaidi. Ikipumzishwa dakika ishirini, inakubali tena. Dawa ni brashi laini, hewa ya pampu, na pasta mpya kati ya prosesa na kipoozeo chake.

Wa tatu ni diski. Anayeishtaki husikiliza sauti ya kugonga na kutazama kama mashine hukwama kila inapofunguliwa faili fulani. Njia safi ya kumtenga huyu ni kuiwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, diski yenyewe ikiwa imechomolewa. Ikifanya kazi hivyo mchana mzima bila kuganda, kosa liko kwenye diski au kwenye Windows iliyomo. Ikiganda bado, ugonjwa uko kwenye vyuma: umeme, joto, bodi au bareti.

Mezani kwa fundi

Hatua ya kwanza mezani ni kuokoa kazi. Kabambare ina historia yake ya maandishi yaliyokaribia kupotea. Mmisionari David Livingstone alikaa huko, mahali alipopaita Bambarre, kwa miezi mingi kati ya mwaka 1869 na 1871, vidonda vya miguu vikimzuia kusafiri na karatasi na wino vikimwishia. Tarehe 5 Februari 1871 alimwandikia rafiki yake Horace Waller barua, na baadaye mwaka huohuo, akiwa Nyangwe, aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Wino ukafifia hata maandishi yasisomeke. Barua ya Bambarre ilisomwa upya mwaka 2010, na shajara ikachapishwa mwaka 2011, baada ya wataalamu kuzipiga picha kwa mianga ya rangi nyingi tofauti. Mwalimu mkuu mwenye orodha ya watahiniwa kwenye kompyuta inayoganda hatapata wataalamu wa namna hiyo. Anakili faili zake kwenye flashi wakati mashine bado inawaka, tena kabla ya kuiendesha kwa majaribio, kwa sababu kumbukumbu mbovu huweza kuharibu hata faili inayohifadhiwa. Nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka.

Kisha mashine inazimwa, waya unachomolewa, na kitufe cha kuwashia kinabonyezwa kwa sekunde kumi ili chaji iliyosalia imalizike. Laptopu hutolewa betri kwanza. Fundi anagusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi, kwa sababu umeme tuli wa mkononi unaweza kuua chipu bila yeye kuhisi lolote. Anavifungua vibanio viwili vya pembeni, bareti inanyanyuka. Anaishika kwa kingo zake, asiguse meno, anaigeuzia penye mwanga. Meno yenye afya yana rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Yenye doa la kijivu au alama ya kidole yanahitaji kusafishwa.

Raba ya penseli, ile nyeupe na laini, inatosha. Inapitishwa taratibu kwa mwelekeo mmoja, mara chache tu, maana kusugua kwa nguvu kunaondoa dhahabu yenyewe. Vumbi la raba linafutwa kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye tone la alkoholi ya duka la dawa. Maji, petroli na manukato havifai. Sloti inapulizwa kwa pampu; pumzi ya mdomo ina mate. Bareti inarudishwa, mwanya wake ukilingana na kijino cha sloti, na kusukumwa pande zote mbili mpaka vibanio vijifunge vyenyewe, kila kimoja kwa sauti ya "tak". Sauti moja maana yake upande mmoja haujaingia.

Ikiwa kuna bareti mbili, ndipo ushahidi unapopatikana kwa bei ndogo. Mashine iendeshwe na bareti ya kwanza peke yake katika sloti ya kwanza. Kisha bareti ya pili katika sloti hiyohiyo. Kisha ile inayoshukiwa katika sloti ya pili. Kosa likiifuata bareti kila inapokwenda, bareti ni mbovu. Likibaki kwenye sloti moja bila kujali bareti iliyomo, bodi ndiyo mbovu, na bareti mpya haitasaidia kitu. Sharti ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadili bareti, kusafisha feni na kusakinisha Windows upya siku moja anaweza kuirudisha mashine ikiwa nzima, lakini hajui alichotibu, na mwezi ujao ataanza upya.

Neno moja kuhusu bareti za kuchanganya, kwa kuwa sokoni huuzwa kinachopatikana. Vizazi viwili vya bareti, DDR3 na DDR4, haviingiliani. Mwanya wa kila moja uko mahali pake, na anayelazimisha huvunja sloti. Ndani ya DDR3 yenyewe kuna za volti 1.5 na zile zenye alama ya L, za volti 1.35. Laptopu iliyoundwa kwa ajili ya zenye L huweza kukataa kuwaka, au ikayumba, ikipewa ya kawaida. Bareti mbili za kasi tofauti kwa kawaida hukubali kwenda kwa kasi ya iliyo taratibu, lakini si bodi zote zinazozivumilia. Kwa hiyo kompyuta iliyoanza kuganda siku ileile ilipoongezwa bareti irudishwe kwanza ilivyokuwa.

Usiku wa kipimo

Baada ya hapo kinakuja kipimo chenyewe. Windows ina chake tangu toleo la Vista: mtumiaji anaandika "mdsched" kwenye sehemu ya kutafutia, mashine inajiwasha upya na kuichunguza kumbukumbu kabla ya mfumo kupanda. Ni kipimo cha kuanzia. Chenye makali zaidi ni Memtest86+, programu ya bure yenye asili katika Memtest86 ya Chris Brady wa mwaka 1994. Toleo lake la 6, lililotoka mwaka 2022, hufanya kazi na bodi za zamani na za kisasa. Ni faili ya megabaiti chache tu, inayoweza kupakuliwa Kindu na kufika Kabambare ndani ya flashi mfukoni mwa msafiri. Hufanya kazi bila Windows na bila diski. Huandika mifumo ya sifuri na moja katika kila pembe ya kumbukumbu, huisoma tena na kulinganisha. Isipolingana, mstari wa kosa hutokea kwenye skrini ukitaja anwani yake.

Mzunguko mmoja kwa gigabaiti 4 katika mashine ya zamani huweza kuchukua saa nzima au zaidi, na mzunguko mmoja hautoshi, kwa sababu biti dhaifu hukosea mara mojamoja. Usiku mzima ndio muda wa busara. Hapo hesabu ya umeme inaingia.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Betri ya asidi huharibika ikishushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinazotumika ni 600. Inveta ikila asilimia 15, zinabaki 510. Kompyuta ya mezani ya zamani huvuta takriban wati 80 wakati wa kipimo, skrini ikiwa imezimwa. Ukigawa, unapata zaidi kidogo ya saa sita: kuanzia saa mbili za usiku hadi saa nane, ikiwa betri ilijaa kwa jua la mchana na hakuna taa, redio wala simu ishirini zinazochajiwa pamoja. Skrini haihitajiki. Inawashwa kusoma matokeo kabla saa hizo hazijaisha, au mara mojamoja usiku. Penye grupu, mafuta ya saa sita huenda yakakaribia bei ya bareti kuukuu, na hapo ni afadhali kuipeleka mashine penye sola au kuiazima bareti nzima kwa kulinganisha.

Matokeo yanasomwa hivi: idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Kosa moja halisamehewi kwa kuwa ni moja. Lakini kabla ya hukumu, kipimo kirudiwe na bareti moja moja, kasha likiwa wazi na umeme ukiwa wa betri, kwa sababu volti mbovu na bodi mbovu nazo huzaa mistari ya makosa. Makosa yakirudi anwani ileile, kwa bareti ileile, katika sloti tofauti, kesi imekwisha. Na usiku ukipita bila kosa hata moja, fundi arudi kwa watuhumiwa watatu.

Bareti mpya ikiwa bado iko njiani, mashine si lazima ilale. Ikiwa zilikuwa mbili, ile nzima ifanye kazi peke yake na Linux nyepesi, jambo lenye maana zaidi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa ni moja na makosa yako mahali pamoja tu, Linux inaweza kuamriwa kutoligusa eneo hilo la kumbukumbu. Ni suluhisho la muda, la mjuzi, na halifai kwa mashine inayotunza hesabu za watu. Laptopu nyembamba za karibuni zina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye bodi. Hizo hazina bareti ya kuchomoa, na anayenunua mtumba aulize hilo kabla ya kulipa.

Kosa lisilogandisha

Kuganda, kwa kweli, ni ubovu wenye adabu: unajitangaza. Upo mwingine usiotangaza chochote.

Tarehe 18 Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, kompyuta ya kujumlishia kura huko Schaerbeek, mjini Brussels, ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 zaidi ya zile alizopata. Kosa liligunduliwa kwa sababu jumla yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyowezekana. Kura zilipojumlishwa upya, tofauti ilikuwa 4,096 kamili, na namba hiyo ni zao la mbili kumi na mbili zilizozidishwa pamoja. Yaani biti moja tu, ya kumi na tatu, iligeuka kutoka sifuri kuwa moja. Hakuna kosa la programu lililopatikana, na maelezo yaliyobaki ni kwamba huenda chembe kutoka anga za juu iligonga chipu.

Ila chembe za angani si mshukiwa wa kawaida. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na watafiti wa Google, walitoa matokeo ya kuzichunguza kompyuta za kampuni hiyo kwa takriban miaka miwili na nusu. Karibu theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu lililosahihishwa kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 8 ya bareti. Makosa yaliongezeka kadiri bareti zilivyozeeka, na joto lilikuwa na athari ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Kwa mnunuzi wa mtumba, umri wa bareti ni habari muhimu kuliko jua la Kasongo.

Kompyuta za Google zilisahihisha makosa hayo kwa sababu bareti za seva huwa na chipu ya ziada: badala ya biti 64 zinabeba 72, na zile 8 za nyongeza huiwezesha mashine kurekebisha biti moja iliyogeuka. Laptopu ya ofisi ya afya haina kinga hiyo. Maniema ina zoni za afya 18, zikiwemo Kasongo, Kunda, Lusangi, Samba, Kabambare na Saramabila, na takwimu za vituo vyake huingizwa katika mfumo wa DHIS2 ambao Kongo imeuchukua kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Wagonjwa 13 wa surua, biti ya kumi na tatu ikigeuka, huwa 4,109. Namba hiyo mtu ataistukia. Biti ya tatu ikigeuka, 13 huwa 9, na hakuna atakayeshtuka.

Kasongo inajua thamani ya hesabu sahihi. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa timu ya Mradi wa Kasongo, iliyoshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Rejista za karatasi ndizo zilizobeba kazi kama ile, na hadi leo ndizo kinga ya bei nafuu kuliko zote: namba ya kwenye skrini ilinganishwe na ya kwenye daftari kabla haijatumwa.

Ombi kwa hiyo linawaendea waganga wakuu wa zoni, wakuu wa shule, maparoko na wenye sekretaria. Kila kompyuta iwe na daftari lake, likiandikwa siku na saa ilipoganda, kilichokuwa kikifanyika, na kama umeme ulikuwa wa sola, wa grupu au wa betri. Mafundi wa mji mmoja waweke pamoja akiba ya vitu vitatu: flashi yenye Memtest86+, bareti nzima ya kompyuta ya mezani na bareti nzima ya laptopu, za kuazimana kwa kipimo na si za kuuza. Na mteja anayeambiwa bareti imekufa aombe kuonyeshwa mstari wa kosa kabla ya kulipia nyingine. Programu ya kumwonyesha hailipiwi.